Shada la Duara

4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wewe na Baba hamjambo hapo nyumbani. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Bado niko kwenye duka la miwani, ila sasa nimepewa mashine ya kukatia vioo na kiti cha kuzunguka, kwa hiyo usiwaambie tena watu kwamba nashinda nikifuta vumbi.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu zangu hupokei, na ya Baba haipatikani tangu mwezi uliopita. Tafadhali mkumbushe aichaji.

Jambo lenyewe ni hili. Ninaolewa tarehe 20 Juni. Mchumba unamfahamu, ni yule fundi wa lifti uliyemkuta kwangu ukamuuliza kama lifti ikikwama yeye anakuwa ndani au nje. Nataka Baba aniingize ukumbini akiwa amenishika mkono. Tiketi yake ya basi nitaituma. Wewe pia umealikwa, kadi itakuja.

Kuhusu maua ya kushika siku hiyo, nisingekusumbua, maana hapa mjini wauza maua wamejaa. Lakini Baba alishaniambia kwamba siku yangu ikifika, maua yatatoka kwenye meza yenu, wewe ukifunga uzi na yeye akiweka kidole juu ya fundo lisiteleze, kama mnavyofanya kazi siku zote. Naomba kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Kama hutaki, sema mapema nitafute mtu.

Mtoto wa kaka yako


27 Februari

Mwenye kiti cha kuzunguka,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, lakini ukali umesomeka wote. Sisi wazima. Kaka anakula. Jirani yetu fundi cherehani amehamia mtaa wa juu, akatuachia paka anayekunywa maji ya ndoo za maua. Hospitali hapo mbele imepakwa rangi mpya, na wafiwa bado wanatokea mlango uleule wa nyuma, wanavuka barabara na kuja moja kwa moja kwangu. Kazi ipo. Ndiyo ile uliyoikimbia.

Simu zako sipokei kwa sababu mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi. Barua haimkatii mtu. Simu ya kaka ilitumbukia kwenye ndoo ya mawaridi. Usimtumie nyingine.

Nimeshangaa kuombwa. Si wewe uliyesimama mlangoni na sanduku lako, mbele ya wateja, ukasema umechoka kunuka msiba? Mama yako alipofariki nilikulea mimi, ukajifunzia kusoma kwenye tepe za mashada, halafu ukatamka neno lile mpaka mama wa watu aliyekuja kuchukua shada la mumewe akajinusa begani. Sijasahau hata kidogo. Sasa harusi yako unataka inuke nini?

Hata hivyo kaka alishasema, na neno la kaka silivunji. Nitafunga. Siku hizi mafundo nayafunga kwa meno, lakini ni mafundo yaleyale. Sema unataka maua gani. Ningekuwa mimi ningechukua mayungiyungi. Yana shingo ndefu, yatakusaidia, maana wewe huna.

Kuhusu safari ya kaka, tutaona. Basi ni mwendo mrefu.

Shangazi yako


12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru kusikia mko salama. Huku mwenye nyumba ameturekebishia bomba baada ya kulilia weee, na mchumba wangu anawasalimu. Anasema jibu la swali lako ni ndani. Kila lifti inapokwama, yeye anakuwa ndani.

Shingo yangu ni ya Baba. Ukiicheka unamcheka kaka yako.

Mayungiyungi sitaki. Nimekulia chini ya meza iliyojaa mayungiyungi, unga wake wa njano ukinidondokea kwenye sare ya shule, na darasani wakanibandika jina la Marehemu. Niliporudi nyumbani nalia, wewe ulicheka. Baba ndiye aliyevaa viatu akaenda kwa mwalimu. Nataka mawaridi mekundu. Mekundu kabisa, ili mtu akiniona tangu mlangoni ajue kwamba hapa hakuna aliyekufa.

Halafu kuna jambo sielewi. Kwa nini unafunga kwa meno? Kidole cha Baba kimeenda wapi? Na kwa nini hajaongeza hata mstari mmoja? Kila barua yako huwa anaandika pale chini, "Karani, kula", kwa mwandiko wake wa kupanda mlima. Safari hii pamebaki patupu. Kama amenikasirikia kwa sababu ya mchumba, aniambie mwenyewe. Usimsemee.

Karani


9 Aprili

Karani,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndilo jina alilokupa kaka. Mimi ningekuita vingine.

Marahaba. Sisi wazima. Paka amezaa ndani ya sanduku la waya, sasa kila nikitaka waya lazima niombe ruhusa. Kaka anakula. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, usidhani nilikuwa natafuta maneno.

Meno ni yangu, nafungia ninachotaka. Kaka hajakukasirikia. Amechoka kuandika, basi, na mtu mzima ana haki ya kuchoka.

Na usijifanye wewe ndiye uliyeteswa na meza hii. Ukarani wako ulitokana na nini? Tulikupa kazi ya kuandika maneno kwenye tepe kwa sababu ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi wote, nawe kwenye shada la mkuu wa gereza ukaandika "Pumzika kwa amri". Amri! Aliyesimama mbele ya familia na uso umemshuka ni mimi. Bahati yako walisema inamfaa.

Mekundu hapana. Nimemsomea kaka barua yako nzima, hata pale uliponisema, na nilipofika kwenye rangi nikamuuliza, "Mekundu?" Akatikisa kichwa kukataa. "Meupe?" Akakubali kwa kichwa. Kwa hiyo ni meupe, na sikumshawishi. Mekundu yakishikwa na mikono ya jasho kama yako yanaacha rangi, utaingia ukumbini kama mtu aliyetoka kuchinja kuku.

Safari ya kaka usiitegemee. Tafuta mwingine wa kukuingiza. Mjomba wako ana suti.

Shangazi


25 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Habari za huku ni nzuri na sitazirefusha.

Mjomba simtaki, na suti yake siitaki. Nina baba. Kama umemjaza hofu mpaka haoni hata mlango wa basi, hayo ni yenu. Mimi sina nguvu ya kubishana na mtu anayejibu kwa kichwa cha mwenzake.

Meupe, sawa. Umeshinda, furahi. Tuyamalize haya ya maua maana yameshanitoka rohoni. Nataka shada la duara, jeupe tupu, dogo tu, majani kidogo. Usiweke utepe wa maneno, kila atakayekuwepo atajua ni la nani. Liwe tayari kabla ya tarehe 20 Juni. Kama Baba hatakuja, nitakuja mwenyewe kulichukua, nimuage, niondoke. Baada ya hapo sitakusumbua tena na lolote.

Karani


6 Mei

Wewe,

Leo sina salamu.

Nani amekuambia? Nataka nimjue. Ni yule nesi wa zamu ya asubuhi, au ni fundi cherehani na mdomo wake usio na kifuniko?

Kaka yangu hajafa! Anakula, kama nilivyokuandikia kila mara. Anakula uji kwa kijiko, mimi nikimlisha, na jana alimfukuza paka kwa mguu wa kushoto. Alianguka Januari, hapa hapa kati ya ndoo, akiwa ameniwekea kidole kwenye fundo, na upande wa kulia haujarudi. Mdomo umeenda pembeni. Maneno hayatoki. Daktari anasema huenda akaanguka tena karibuni, au asianguke tena kabisa. Yaani hajui, na kwa kutojua huko amevalishwa koti jeupe.

Lakini yu hai. Na wewe, binti yake wa pekee, umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka ukamwagizia shada la duara. Jeupe tupu. Tena dogo! Hata ukubwa umembania baba yako. Bila utepe, eti watu watajua ni la nani. Eti uje umuage, uondoke. Na siku umeipanga, ile ile ya harusi yako, asubuhi ulie na jioni ucheze.

Nimefunga mashada tangu sijaota mvi, na sijawahi kuletewa agizo la mtu anayepumua. Barua yako niliichana. Kisha nikaiunganisha kwa gundi, ili kaka akipona nimwonyeshe alizaa nini.


14 Mei

Shangazi,

Hakuna aliyeniambia. Umeniambia wewe, kwenye barua hii niliyoishika.

Shada la duara ni maua ya bibi harusi. Hapa mjini ndivyo wauzaji wanavyoyaita, mawaridi yaliyobanwa pamoja mpaka juu yanakuwa mviringo kama mpira. Nimekuwekea picha niliyoikata gazetini. Nilisahau kwamba kwenye meza yenu shada ni la kaburini, la duara ni lile la waya lenye tundu katikati, na la harusi mnaliita fungu. Nimeondoka siku nyingi, nimesahau neno moja. Kosa langu ni hilo tu, na silipigii magoti.

Lakini la kwako! Tangu Januari! Nimekuandikia Februari, nikaandika Machi, nikaandika Aprili, na kila mara "kaka anakula". Nilikuuliza kidole chake kimeenda wapi, ukanijibu habari za meno. Uliniacha nibishane juu ya mayungiyungi na shingo, huku baba yangu hawezi kushika kijiko. Nilimwita mwoga. Nilidhani ananikasirikia, nikamkasirikia na mimi, na wewe ukanitazama tu nikifanya hivyo.

Barua ilipofika nilipiga simu. Safari hii ulipokea. Ulinisikia nalia, nashindwa kusema, ukakata. Haya, kwenye kukatiana simu tuko sawa sasa.

Ukumbi nimeuacha. Nitafunga ndoa hapo karakanani kwenu, mbele ya kitanda cha Baba, tarehe ile ile kama atakuwepo. Na kabla ya hapo nakuja Jumamosi kumwona. Siombi ruhusa. Usipofungua mlango, mchumba wangu amezoea milango iliyokwama.

Karani


30 Mei

Karani,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Ulikuja, nilikufungulia, ukakaa pembeni ya kitanda cha baba yako mpaka siku ya kuondoka, na mimi ulisema nami kupitia paka. "Paka, muulize mwenyewe sufuria ndogo iko wapi." Nami nikakujibu kupitia paka huyo huyo, kwa hiyo sina la kulalamika, isipokuwa paka sasa anajiona mkubwa wa nyumba.

Uliuliza, kwa njia hiyo hiyo ya paka, kwa nini nilikuficha, kisha ukabeba begi kabla sijajibu. Nakujibu sasa. Neno la mwisho lililotoka kinywani mwa kaka likiwa zima, akiwa chini sakafuni na maji ya ndoo yamemlowesha, lilikuwa "Karani asiambiwe." Alijua ungeacha kila kitu na kurudi, na hakutaka urudi kwenye meza hii kwa sababu yeye ameanguka. Mimi nilitaka urudi. Nilitaka sana. Nikamtii yeye. Kila nilipoandika kwamba anakula nilikuchukia, kwa sababu uliniamini.

Simu nilikata kwa kuwa na mimi nilishaanza kulia. Sikutaka unisikie.

Ulipoondoka nilimsomea kaka ile barua yako ya shada la duara, yenye gundi, nikamweleza nilivyoielewa na nilivyokujibu. Akacheka. Upande mmoja tu wa uso, na sauti yake ilikuwa kama mlango wa kabati, lakini alicheka mpaka nikaogopa. Sijamsikia hivyo tangu Januari. Sikushukuru kwa hilo, maana hukukusudia.

Kuhusu harusi kufanyika hapa, nilikuwa nimeandaa barua ya kukukatalia. Kaka alikuwa mtu wa kunyoosha shati hata akienda kutupa takataka. Sasa mate yanamtoka, na mimi ndiye ninayeyafuta. Nikamwambia, "Hutaki watu waje wakutazame, si ndiyo?" Akapiga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka glasi ikaanguka. Nikamuuliza tena kwa namna nyingine. Akapiga tena.

Basi njooni. Asije mpiga picha, asije mtu wa kunipa pole, na huyo wa lifti asije na viatu vyenye grisi. Shati la kaka nitalinyoosha mimi. Na ninachokufungia ni fungu. Narudia, fungu.

Shangazi


20 Juni, chumba cha kazi

Karani,

Nakuandikia ingawa uko chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu. Nikija kusema kwa mdomo tutaanza upya, na msajili wa ndoa ameshafika, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na anatazama saa. Nitaiacha karatasi hii mlangoni pako pamoja na hilo ulilokuja kuchukua.

Neno la kunuka msiba bado sijakusamehe. Usidhani gauni linafuta kitu. Na fundi wako amenisalimia kwa adabu zote, lakini viatu vina grisi, nimeviona.

Maua yako haya hapa. Ni mawaridi meupe, mviringo kama ile picha yako ya gazeti, yamebanwa mpaka hayapumui. Mimi nisingeyafunga hivyo hata kwa adui. Jekundu moja limeingia katikati kwa bahati mbaya, sina muda wa kulitoa.

Asubuhi nilipofika kwenye kufunga, nilikuwa nimeshauweka uzi menoni. Kaka akagonga kitanda. Nikadhani anataka maji. Akagonga tena, akanyoosha mkono wa kushoto, na kidole kimoja amekitenga na vingine. Ndipo nikaelewa. Nikayasogeza maua mpaka kifuani kwake, juu ya shati lililonyooshwa, naye akaweka kidole juu ya fundo. Kidole hakina nguvu. Uzi ukateleza. Nikarudia, ukateleza tena, jasho likawa linamtoka. Mwishowe nikauacha ulivyokaa, nikamwambia, "Limeshika, kaka." Akafumba macho.

Halijashika. Fundo limelegea, ni kazi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye meza hii, na angekuwa mteja mwingine ningefungua na kuanza upya.

Usilikaze. Ukilikaza nitajua.


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa kalamu nyingine

Shikamoo Shangazi,

Nimekusikia jikoni ukimwambia paka kwamba mjini nimejifunza dharau, kwamba leo sikumpa mtu yeyote mkono, hata msajili, hata wewe.

Ni kweli. Fundo lilianza kuachia nilipofika kitandani kwa Baba, naye alikuwa analitazama. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili.